Pikipiki Zisizo na Breki, Watazamaji Wawili

Mwenye chumba cha video hapendi kitu kisichojaza mabenchi. Chumba changu hapa Likasi, Katanga, nimekuwa nacho tangu mume wangu akiwa hai, na ndani yake nimeonyesha kila kinacholeta watu: kandanda ya Ulaya, mieleka, filamu za Nigeria zenye wachawi, hata mahubiri wakati wa mfungo. Watu wa mtaa wanakiita “cinéma” kwa kukitukuza. Ni vyumba viwili vilivyobomolewa ukuta wa katikati, televisheni moja kubwa, dikoda, jenereta ya kuokoa siku umeme unapokatika, na mabenchi ambayo marehemu aliyagongelea misumari mwenyewe, ndiyo maana mengine yanayumba. Nje kuna ubao mweusi. Kila asubuhi nauandika kwa chaki, mechi gani na saa ngapi, na wateja huusoma kabla hawajanisalimia.

Kwa hiyo mtu angeniambia zamani kwamba siku moja ningelilia mchezo ambao hapa kwetu ulikuwa na watazamaji wawili, na mmoja wao ni mimi mwenyewe, ningemcheka mbele za watu.

Mchezo wenyewe unaitwa spidiwei. Ni mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la yai. Wanakimbia wanne, wanazunguka mara nne, wote kwa kukata kushoto, na kabla hujamaliza kujikuna wameshafika. Kisha trekta linapita kusawazisha udongo, na wanne wengine wanajipanga. Kofia zao zina rangi nne: nyekundu, bluu, nyeupe na njano. Wa kwanza hupata alama tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho hapati kitu. Pikipiki hazina breki. Nililisikia hilo kwa mtangazaji Mfaransa, nikadhani amekosea, mpaka aliporudia.

Uliingia kwangu kwa mlango wa nyuma. Kiangazi kinapofika, kandanda ya Ulaya huenda mapumziko, na Jumamosi jioni chumba changu huwa kitupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Sikupenda kukaa kimya humo ndani. Watoto wangu walikwisha kwenda, mmoja Lubumbashi na mwingine Afrika Kusini, na nyumba ya mjane ikinyamaza inanyamaza vibaya. Niliiacha dikoda iendelee na chochote. Chaneli moja ya michezo ya Ulaya ikawa inaleta hizo mbio, na saa zao za kiangazi ni saa zetu zilezile, hivyo wao wakianza jioni, nami ni jioni. Nilizizoea kwanza kama mtu anavyozoea mlio wa jirani anayetwanga.

Baadaye nilianza kutazama kwa jicho la biashara, maana hilo ndilo jicho nililonalo. Nikaona kwamba kila kitu pale kimeuzwa. Kifua cha dereva kimeuzwa, paja lake limeuzwa, hata kile kifuniko cha gurudumu la nyuma kinachorukiwa na udongo kimeuzwa kwa mwenye rangi za nyumba au mwenye soseji. Mtangazaji alikuwa akiushukuru mji ulioandaa, kwa sababu mji wenyewe unalipa ili kelele zile zije kwake. Poland viwanja vinajaa familia nzima, bibi, baba na wajukuu, na tarumbeta zao. Mahali pengine, alisema, viwanja vimefungwa vikajengwa maduka. Hilo nililielewa bila kuelezwa, maana hapa kwetu sinema kubwa za zamani zimekuwa makanisa.

Nilijaribu kuufanya upendwe. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa, MOTO BILA FREIN, yaani pikipiki bila breki, nikawaalika waendesha pikipiki za abiria wanaokaa pale kwenye njia panda. Walikuja kundi zima, wakakaa na soda zao, wakatazama mbio chache wakiwa wamekunja uso.

“Mama,” mmoja akaniuliza kwa heshima zote, “bale bantu banazunguka, banarudia palepale. Client iko wapi?”

Mwenzake alisikitika zaidi. “Bazungu nabo, banakosa pesa ya frein?”

Walicheka mpaka benchi la marehemu likakatika mguu. Hawakurudi tena, na mimi niliununia ubao kana kwamba ndio uliowaita vibaya.

Yule aliyekuja na kurudi tena hakuwa amealikwa. Alikuwa dereva wa treni za kiwanda kule Shituru, mtu mzima, mjane kama mimi, anayekaa peke yake katika nyumba ya kampuni. Jumamosi moja alikuwa akipita na baiskeli yake, viatu vya kazi miguuni, akasikia mlio. Akasimama mlangoni, mkono mmoja bado umeshika usukani, akatazama mbio moja mpaka mwisho.

“Mama, kuikala ndani iko bei gani?”

Nilitaka kumwambia aingie tu, kwani kitu kama kile nani analipia? Lakini ng’ambo ya barabara alikuwa amekaa wifi yangu, dada wa marehemu, mbele ya mbabula yake, lile jiko la makaa analokaangia mandazi, na macho yake hayakuwa kwenye mandazi. Nikamtajia yule papa, ndivyo tunavyomwita baba mtu mzima, bei ya kandanda. Akalipa, nikamchania tiketi kwa mikono miwili juu, ionekane.

Lazima niseme jambo hili lilivyo kwetu, la sivyo mtu hataelewa kwa nini tiketi ilikuwa kitu kikubwa. Kiwanja ninachokaa kina jina la ukoo wa mume wangu. Matanga yalipokwisha, wakwe walikaa kikao, wakasema nibaki, kwa ajili ya watoto. Hawakuwa watu wabaya. Lakini kila mtu kwenye kile kikao alijua maana ya “kwa ajili ya watoto”: siku atakapoonekana mwanamume amekaa sebuleni kwangu bila sababu, kiwanja kinarudi kwao, na watoto wangu hawana tena pa kurudi. Mwanamume hawezi kuja kuniamkia tu. Anaweza kuja kununua. Mlango ukiwa wazi, pazia limefungwa juu, tiketi imechanwa, huyo ni mteja, na hata wifi yangu na kanisa lake zima hawana la kusema juu ya mteja.

Basi akawa mteja. Kila Jumamosi ya mbio alifika akiwa ameoga, akalipa, akakaa benchi lilelile karibu na mlango, ambako mtu yeyote anayepita barabarani angeweza kumwona mpaka magotini. Mimi nilikaa nyuma karibu na dikoda. Kati yetu palikuwa na mabenchi matupu ya kutosha kuweka kwaya ya parokia.

Mwanzoni hakusema kitu. Siku moja, trekta likiwa linasawazisha udongo, aliongea bila kugeuka.

“Minye maisha yote niko naendesha treni, mama. Treni inaendaka tu kwenye banaitengenezea njia. Angalia bale. Gurudumu ya nyuma inakatala njia kabisa, mais muntu anafika.”

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akisema jambo kama hilo humu ndani, kwamba gurudumu linaikataa njia lakini mtu anafika. Katika kandanda watu wanatukana tu mwamuzi.

Ubao nao uliingia katika mambo yetu hivi. Siku moja kamera ilimwonyesha mama mmoja wa Poland, wa rika langu, kitambaa kichwani, ameweka karatasi gotini na anaandika alama za kila mbio kwa kalamu. Mtangazaji akasema mashabiki wa huko hufanya hivyo tangu enzi za babu zao. Mtu haangalii tu, anaandika. Nilimpenda yule mama. Nilijiuliza kama naye akirudi nyumbani anakuta taa zimezimwa. Jumamosi iliyofuata niliuingiza ubao ndani, nikauegemeza chini ya televisheni. Yeye ana macho mazuri ya mbali, mimi nina chaki. Akawa anatamka, naandika.

“Rouge tatu. Blanc mbili. Jaune moja. Bleu zéro.”

Nyekundu, nyeupe, njano, bluu: ndiyo maongezi yetu, misimu ile yote. Mtu mwingine angesema hatukuongea kitu. Mimi wiki nzima nilikuwa nikiyangoja.

Papa alikuwa na mtu wake kwenye mbio zile, kijana mmoja mwembamba aliyependa kuvaa kofia ya bluu kila bahati ilipompa. Siku ya fainali moja kijana huyo aliongoza mbio tangu mwanzo, na kwenye kona ya mwisho kabisa, ushindi uko mkononi, gurudumu likamkatalia kweli, akaanguka, akabiringika mpaka ukutani. Papa alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama kabla ya mwisho. Kijana aliamka, akachechemea akisukuma pikipiki yake, na papa akaketi polepole, akasema, “Bleu zéro,” kwa sauti ya mtu anayetaja jina la marehemu. Niliandika sifuri ile huku nimekasirika. Sijui nilimkasirikia nani.

Kisha mchezo ukauzwa.

Ndivyo nilivyoelewa mimi, na sidhani nimekosea sana. Kampuni nyingine ilichukua biashara nzima ya mbio zile, haki za kuzirusha kwenye televisheni, viwanja, na matangazo yale ya mapajani. Walikuja na maneno mazuri: watazamaji wapya, miji mipya, mbio kwa dunia nzima. Msimu mpya ulipofika niliwasha chaneli yetu, nikakuta watu wanaogelea. Mbio zilikuwa zimehamia kwenye programu ya simu ya kulipia. Niliitafuta kwenye simu yangu, nikawa tayari kulipa, ikaniletea sentensi moja ya Kifaransa: haipatikani katika nchi yako. Dunia nzima yao ilikuwa imekatwa mahali fulani kabla ya Katanga.

Jumamosi ile papa alikuja ameoga, mkono tayari mfukoni.

“Leo kuko nini, mama?”

Nikamwambia hakuna mbio. Akatazama waogeleaji. Angeweza kulipa aangalie kuogelea, na wifi yangu angeuliza tangu lini dereva wa treni anapenda kuogelea. Alisimama kidogo mlangoni, akatengeneza suruali yake kwenye mnyororo wa baiskeli, akasema, “Bon. Aksanti, mama,” akaenda. Nilifunga chumba mapema, nikakaa gizani kwenye benchi lake. Nililia, na sioni aibu kusema. Watu wa mbali walikuwa wameuza Jumamosi zangu bila kujua kwamba zipo.

Niliwaandikia. Nilitunga barua pepe kwa Kifaransa changu cha shule ya masista, nikajitambulisha kuwa mwenye ukumbi wa burudani Likasi, Haut-Katanga, nataka kununua ruhusa ya kuonyesha mbio zenu. Wakajibu, tena kwa adabu. Waliuliza, katika eneo langu watazamaji wanakadiriwa kuwa wangapi. Nilifikiria kudanganya. Ningeweza kuwapa Likasi nzima na Kapolowe juu yake. Lakini mfanyabiashara anajua bidhaa ikishafika sokoni wanunuzi wanahesabika. Niliandika: ni wawili, lakini hawakosi. Hawakujibu tena. Siwalaumu, mimi mwenyewe nisingewasha jenereta kwa ajili ya watu wawili.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa jamaa anayejaza kadi za kumbukumbu sokoni. Kila mtu huku anamjua wa aina yake: unampa kadi au flashi, anakuwekea nyimbo za kwaya, filamu, mahubiri, anachota mtandaoni unachotaka. Nikamwambia nataka mbio za pikipiki zinazozunguka, za zamani, za miaka ya kabla ya zile tulizoziona, na mwanzoni akate pale mtangazaji anapotaja mwaka. Alinitazama kana kwamba nataka dawa ya kienyeji.

“Mama, mutu anaombaka kitu mupya.”

“Minye niko naomba ya zamani. Kata, unipe.”

Jumamosi niliandika ubaoni: MOTO BILA FREIN, DIRECT, yaani zinakimbizwa sasa hivi, moja kwa moja. Nilichomeka flashi nyuma ya televisheni, nikaifunika kwa kitambaa cha mezani. Baiskeli ilipita, ikapunguza mwendo, ikarudi. Papa alisoma ubao muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo. Akalipa. Nikachana tiketi, mikono juu.

Jioni ile yote niliikodolea skrini macho. Wakimbiaji walikuwa wengine, sawa, mtu anaweza kusema ni wapya. Kilichonitisha ni yale matangazo ya biashara. Biashara hubadilika kila msimu. Kampuni inayolipia kifua cha dereva mwaka huu mwakani haipo. Kule nyuma ya ukuta wa uwanja palikuwa na tangazo la bia ambayo hata mimi nilijua imekwisha kutoweka kwenye mbio hizo. Nilijipa moyo: yeye ni mtu wa magurudumu, hasomi matangazo. Akatamka alama, nikaandika, na nilipofunga mlango nilikuwa naimba.

Tuliendelea hivyo kiangazi kizima. Mimi nilitengeneza mbio za Ulaya nyumbani kwangu, nikapanga fainali zangu, nikaahirisha nyingine kwa mvua ya uongo jenereta ilipoharibika.

Kosa halikutoka kwake wala kwangu. Lilitoka kwa wacheza kamari. Jumatatu moja niliusahau ubao nje na alama zake zote, na hapa mtu akiona safu za namba zilizoandikwa kwa uangalifu, kwake ni jambo moja tu: mtu amepata habari ya ndani. Wakaanza kuzinakili. Wakabetia, wakaliwa. Mmoja wao, fundi wa kuchomelea vyuma, hakukubali kuliwa kimyakimya. Alitafuta kwenye simu yake mbio zile zilikimbizwa wapi Jumamosi ile, akakuta hazipo. Hakuja kwangu. Alikwenda kununua mandazi, akamweleza wifi yangu yote.

Jumamosi iliyofuata aliacha mbabula yake ikiwaka, akavuka barabara. Nilimwona akija, kanga imekazwa. Na jioni hiyohiyo, kana kwamba shetani amepewa zamu, jamaa wa kadi alikuwa amekosea. Badala ya mbio za zamani tusizozijua, aliniwekea fainali ile. Niliitambua tangu mbio ya kwanza. Kijana mwembamba alikuwa anavaa kofia ya bluu. Papa alikuwa amekaa pale karibu na mlango, ameinama mbele kuelekea skrini, na nilijua kwamba naye ameitambua. Ile sifuri tuliiandika pamoja.

Wifi yangu hakukaa. Hakuniuliza mimi. Alisimama mbele ya papa.

“Papa, jambo. Bananiambia hii course ya moto haiko tena ku télé. Hii tunaona hapa, ni ya direct?”

Niliona kiwanja changu chote katika swali lile, vyumba, mwembe wa uani, watoto wangu wakishuka kwenye basi bila mahali pa kuelekea. Kama si ya moja kwa moja, basi ni kisingizio, na kama ni kisingizio, yeye amekuja kufanya nini kwa mjane kila Jumamosi?

Papa alivua kofia yake, akaiweka gotini.

“Ni ya direct, mama,” akasema. “Ikala, uone. Ule bleu njo wa kwanza. Mais angalia muzuri ku virage ya mwisho. Iko mubaya.”

Akakaa. Wifi yangu akakaa kwenye benchi la mchezo usio na breki, mara ya kwanza maishani mwake. Wanne walitoka. Bluu aliongoza, akazunguka, akazunguka, na wifi yangu, ambaye mashindano yote kwake ni dhambi, akaanza kuvuta kanga yake kwa vidole. Kona ya mwisho ikafika. Kijana akaanguka.

“Yesu!” Alikuwa amesimama, mikono kichwani. “Anakufa! Papa, anakufa?”

“Apana, mama. Ataamuka.”

Alisema hivyo kijana akiwa bado amelala ukutani, hajatikisa hata kidole. Halafu kijana akaamka.

“Mungu ni mukubwa,” wifi yangu akasema, akajifuta macho. Mtu aliyeona kwa macho yake jambo baya kama lile hawezi kuambiwa na fundi wa kuchomelea kwamba halikutokea leo. Alirudi kwenye mandazi yake akiwa anatingisha kichwa, na nikamsikia akimsimulia mteja.

Papa hakugeuka.

“Mama.”

“Papa.”

“Ba-publicité ku manguo yabo. Ni ya kale. Tangu ile samedi ya kwanza.”

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, kisha haya ikaniisha, nikabaki na furaha ambayo sikujua niiweke wapi kwenye chumba chenye mlango wazi. Aliyasoma matangazo ya nguo zao tangu Jumamosi ya kwanza. Alilipa kila wiki kuangalia mambo yaliyokwisha. Nilichukua chaki, nikaandika sifuri ya bluu kwa mara ya pili.

Ningependa kusimamia hapo. Lakini kampuni iliwastaafisha madereva wazee, na anayestaafu anarudisha nyumba ya kampuni. Ndugu yake yuko Kapolowe, ana mashamba. Jumamosi yake ya mwisho alilipa kama kawaida, tukaandika alama zote, na trekta lilipokuwa linapita alisema, macho yakiwa kwenye televisheni:

“Kule Kapolowe kuko nafasi, mama. Nyumba iko mubaya kidogo. Mais nafasi iko.”

Ng’ambo ya barabara mafuta yalikuwa yanachemka. Nilimfikiria mwanangu wa Afrika Kusini, ambaye kila akipiga simu anauliza kama chumba chake bado kipo. Nilichosema kilikuwa neno la mwenye duka, la ufunguo wa chumba.

“Na ufunguo ya salle, nitaachia nani, papa?”

“Njo vile,” akasema. Ndivyo hivyo. Alivaa kofia yake, akanyanyua baiskeli juu ya kizingiti isigonge, akaenda. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo ndilo linalonisumbua usiku.

Sasa Jumamosi za kiangazi nakaa peke yangu. Wifi yangu huvuka mara mojamoja kuuliza kama moto bado zipo, na ninamwambia zipo. Yule mama wa Poland nadhani bado anaandika. Mbio zile, nasikia, zinaendelea vizuri, zina watazamaji wapya mahali fulani. Huko Kapolowe simu inashika tu ukipanda kidogo upande wa misheni, na papa hupanda. Ananipigia saa ya mbio. Ninaweka simu karibu na televisheni asikie mlio, kisha ninamsimulia nani yuko mbele, naye ananitajia alama, naandika.

Jumamosi iliyopita niliiweka tena fainali ile. Sikumwambia ni ipi. Kofia zilipojipanga aliuliza bluu ni nani, nikamweleza kijana mwembamba. Upepo ulisikika kwenye simu yake. Wakatoka, wakazunguka, na mimi nilisimulia yote kama yalivyo, bila kuongeza kitu, mpaka kona ya mwisho. Mbele yangu, kwenye televisheni, kijana akaanguka, akabiringika, akalala ukutani.

“Mama? Bleu iko wapi?”

“Alishapita, papa,” nikasema. “Hakuanguka. Alishafika.”

Nilichukua chaki.

“Ni ya direct?” akauliza.

“Ni ya direct.”

Nilimsikia akivuta pumzi kule kilimani.

“Basi andika, mama. Bleu tatu.”

Nikasimama, nikaandika.